Laiti Enterprise ingeandikwa na mtu aliyewahi kukaa kwenye kibanda cha wakalimani

Sikio la Njiro (mleta mada)

Wakuu na wapenzi wote wa hadithi za anga, habari za jioni.

Nimemaliza kuitazama upya tamthilia ya Star Trek: Enterprise, sehemu zote 98, kazi iliyonichukua masika nzima hapa Arusha, nikihesabu na zile jioni ambazo umeme ulikatika Kapteni Archer akiwa katikati ya sentensi. Mara ya kwanza niliitazama kwa diski za kukodi zilizokwaruzwa vibaya, hata msimu wa pili niliuona kwa kurukaruka kama mtu avukaye mto Themi kwa kukanyaga mawe. Safari hii nimeiona yote, na nimebaki na kero ambayo haimhusu mwigizaji yeyote wala ubora wa picha. Inahusu mikondo ya hadithi yenyewe, na nimeona niilete hapa tuijadili kwa utulivu.

Kwa asiyeifahamu, ilianza kuonyeshwa Marekani Septemba 2001 ikafungwa Mei 2005, baada ya misimu minne tu, ilhali tamthilia tatu zilizoitangulia katika ukoo huo zilipata misimu saba kila moja. Ni hadithi tangulizi. Inaanza mwaka 2151, zaidi ya miaka mia moja kabla ya safari za Kapteni Kirk wa tamthilia asilia, wakati wanadamu wametoka tu kuunda chombo chao cha kwanza chenye injini ya wapu 5 (wapu ni kipimo cha mwendo unaopita ule wa nuru), hakuna Shirikisho la Sayari, na Wavulkani waliotua duniani mwaka 2063 wangali wakimtazama binadamu kama kaka mkubwa anavyomtazama mdogo wake aliyeomba funguo za gari. Mtazamaji anajua kwamba mwaka 2161 Shirikisho litaundwa, na anajua kwamba kabla ya hapo kutakuwa na vita dhidi ya Waromulani.

Wengi husema tatizo la hadithi tangulizi ni hilo: mwisho unajulikana, basi hamu inakufa. Mimi sikubaliani. Aliyelelewa na bibi mwenye hadithi anajua kwamba sungura atatoka shimoni na fisi atabaki humo, lakini sijapata kumsikia mtoto akisema, "Bibi, hii tumeshaisikia." Tuliidai ileile kila usiku, na tulimkatiza akiruka kipande. Tulichokingojea ni namna sungura atakavyoponyoka na hasara atakayomwachia mwenzake. Enterprise ilipewa hadithi ya namna hiyo, kisha ikauogopa mwisho wake yenyewe, ikaanza kutafuta vitisho vya pembeni ili mtazamaji asahau anachokijua.

Kitisho cha kwanza, na kwangu ndicho kibaya kuliko vyote, ni Vita Baridi vya Wakati. Kuanzia sehemu ya kwanza tunaonyeshwa mtu wa kivuli kutoka siku zijazo anayewatuma viumbe waitwao Wasuliban kuvuruga historia, na anakuja mtu mwingine wa karne ya 31, Daniels, wa kuirekebisha. Misimu minne inakwisha na mtu wa kivuli hajatajwa ni nani. Hilo ningeweza kulisamehe, maana siri isiyofumbuliwa si dhambi. Nisichoweza kusamehe ni kwamba mkondo huo unawanyang'anya wahusika matendo yao. Ikiwa historia inasukumwa na kuvutwa na watu wa karne nyingine, basi uamuzi wa Archer una uzito gani? Anakuwa kama kijiji kinachogombewa na wilaya mbili, ambacho hakuna anayekiuliza kinataka nini.

Ningeukata mkondo huo wote, na mahali pake ningeweka kitu ambacho tamthilia ilikuwa nacho mkononi tangu awali ikakidondosha: masikio ya Hoshi Sato, mkalimani wa chombo.

Niseme wazi ninakotokea. Riziki yangu kwa miaka mingi imetoka kwenye vibanda vya ukalimani vya mji huu. Arusha ni mji wa mikataba, si mji wa watalii wa Serengeti tu, maana hapa ndipo yalipotiwa saini makubaliano ya Rwanda ya Agosti 1993, ya Burundi ya Agosti 2000, na mkataba ulioifufua Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 30 Novemba 1999. Mtu aliyekulia karibu na lile jengo la mikutano hawezi kuambiwa kwamba majadiliano hayana hadithi. Nimewahi kukaa kwenye kikao, ambacho sitakitaja, kilichosimama kwa saa mbili nzima kwa sababu upande mmoja ulitaka kifungu kiseme "itapaswa" na upande wa pili ukataka "inaweza". Watu wazima, wenye suti, wakarukiana. Na sisi wawili kibandani, tunaopokezana kipaza sauti kila baada ya nusu saa kwa kuwa ubongo wa mtu hauwezi zaidi ya hapo, tulikuwa tunatoka jasho kana kwamba ndio tunaogombana.

Sasa mtazameni Hoshi. Archer anamfuata Brazil alikokuwa akifundisha, anamsihi aje, kwa sababu mashine ya tafsiri bado ni changa na haiwezi kuaminiwa peke yake. Hii ni nafasi adimu sana. Katika tamthilia nyingine za ukoo huu karibu kila kiumbe anaongea na kueleweka papo hapo. Hapa lugha ni kikwazo cha kweli. Watunzi wakaitumia katika sehemu chache za mwanzo, kisha mashine ikaboreka kimyakimya na Hoshi akabaki kubonyeza vitufe na kusema, "Kapteni, wanatuita."

Mkondo ninaoupendekeza unaanzia kwenye tukio lililomo humo humo. Katika sehemu ya msimu wa pili iitwayo Minefield, chombo kinanasa kwenye mabomu ya kutegwa, na adui haonekani, anasikika sauti tu. Hoshi anaifumbua lugha yake na kulitaja jina la taifa hilo kwa kukosea kidogo, na T'Pol, Mvulkani aliyemo chomboni, anamsahihisha: linatamkwa hivi, Waromulani. Ndiyo kwanza wanadamu wanalisikia jina hilo, na tayari yupo mtu pale anayejua linavyotamkwa! Tamthilia ikapita bila kusimama. Mkalimani yeyote angesimama palepale.

Tukumbuke pia jambo ambalo tamthilia asilia ya mwaka 1966 ilikwisha kulifunga: vita vile vilipiganwa bila binadamu yeyote kumwona Mromulani uso kwa uso, na hata mkataba wa amani ulijadiliwa kwa redio. Zaidi ya karne moja baadaye ndipo ikagundulika kwamba wanafanana na Wavulkani kwa sababu ni ndugu wa asili moja. Watunzi wa Enterprise walilichukulia sharti hilo kama pingu. Mimi naliona kama zawadi. Vita ambavyo adui hana uso ni vita vya masikio, na kama vita ni vya masikio, basi mhusika mkuu ni mkalimani.

Hoshi anasikiliza kanda za Waromulani usiku na mchana. Mwanzoni ni kelele. Kisha anaanza kusikia jinsi wanavyopanga viambishi, jinsi wanavyohesabu, jinsi wanavyomwita mama. Mambo haya huwezi kuyaficha kwa kubadili lafudhi. Ninyi mnaoishi kati ya milima hii miwili mnajua ninachokisema: Mwarusha na Mmeru wanalima mteremko mmoja wa mlima Meru, wanauziana ndizi sokoni, lakini lugha zao hazina undugu, kwa sababu Mwarusha anaongea Kimaasai. Lakini mchukue huyo Mmeru umvushe uwanda mpaka Machame, kwenye mlima mwingine kabisa, umkalishe na bibi wa huko, nao watapapasana maneno kidogo, kisha wataanza kucheka, kwa sababu wamesikia ujamaa. Hoshi anasikia ujamaa wa namna hiyo. Anasikia Kivulkani cha zamani ndani ya kinywa cha adui.

Na wakati huo ndipo Wavulkani wanaketi meza moja na binadamu na mataifa mengine mawili ya anga, Waandoria na Watelari, kutafuta umoja. Akisema, meza inavunjika siku hiyohiyo, kwa kuwa Waandoria wanangoja sababu moja tu ya kusema kwamba Mvulkani ni jasusi wa adui. Asiposema, anawaficha makamanda wake habari ya kivita. Mimi ningemfanya anyamaze, na ningemhesabu shujaa. Mkondo huu ungeweza kubeba misimu miwili, na usingehitaji mtu wa kivuli kutoka karne nyingine.

Nitaendelea kuhusu Shirikisho lenyewe. Karibuni mchangie.

Mzawa wa Marangu

Mkuu, nimekaa kiti cha mbele. Naomba nilete mhusika mwingine aliyeonewa zaidi ya Hoshi, naye ni rubani Travis Mayweather.

Huyu kijana amezaliwa na kukulia kwenye meli ya mizigo iitwayo Horizon. Meli hizo ni za mwendo mdogo, safari moja inakula miaka, kwa hiyo mabaharia husafiri na wake, waume na watoto, wanazaliana njiani na kuzikana njiani. Halafu inakuja injini ya wapu 5, nacho chombo kipya kinakata kwa siku chache njia ambayo baba yake ameitumia maisha yote. Na rubani wa chombo hicho ni mwanawe! Sijui ni hadithi gani nyingine mtu angeitafuta.

Baba yangu aliendesha lori zaidi ya miaka ishirini, kutoka bandari ya Dar es Salaam kupitia Tunduma hadi Zambia na Kongo. Tulimjua kwa honi. Akija Desemba tunamtazama kama mgeni, tunamhudumia chai kwa adabu, na tunapoanza kumzoea anaondoka. Nilipoiona ile sehemu Mayweather anarudi nyumbani na kukuta baba yake ameshafariki, na kaka yake amekalia kiti cha nahodha na hamtazami usoni, nilizima kompyuta nikatoka nje kwanza. Lakini ilikuwa sehemu moja tu. Baada ya hapo kijana akarudi kwenye usukani, na msimu wa tatu na wa nne akawa kama pambo.

Pendekezo langu ni kwamba familia za meli za mizigo ziwe mkondo wa kudumu. Msimu wa kwanza wanadharauliwa. Wa pili wanaanza kufilisika, maana wenye mali wanahamia kwenye vyombo vya haraka, na baadhi yao wanageuka kuwa walanguzi wa silaha au wanashambuliwa na maharamia bila mtu wa kuwalinda, jambo ambalo tamthilia ililigusa katika msimu wa kwanza kisha ikaliacha. Vita vikija, jeshi linagundua kwamba hao waliodharauliwa ndio pekee wanaoijua kila njia ya kichochoro, kila jiwe la kujificha, na kila bandari inayouza mafuta bila maswali. Mayweather anatumwa kuwaomba msaada. Atasimama mbele ya kaka yake aseme nini?

Sikio la Njiro

Mkuu wa Marangu, hili sikuwa nalo kabisa, na naliona linafungana na la Hoshi bila kulazimishwa. Meli za mizigo zimekuwa zikinasa sauti za ajabu redioni kwa miaka hamsini kabla jeshi halijajua kwamba Waromulani wapo. Kanda anazohitaji Hoshi zimo kwenye makabati ya bibi fulani wa Horizon, aliyezirekodi kwa sababu ya upweke wa safari. Mayweather ndiye anayejua kumwomba mzee wa aina hiyo bila kumvunjia heshima, yaani anakunywa chai kwanza, anasikiliza habari za marehemu wote, na neno "kanda" halitaji mpaka atajiwe.

Mwalimu wa Sayansi, Moshi Mjini

Mimi nina hoja ndogo tu ya umbali. Katika sehemu ya kwanza kabisa safari ya kwenda makao makuu ya Waklingoni ni siku nne. Siku nne! Hiyo si anga, hiyo ni kutoka Moshi kwenda Kigoma kwa basi bovu. Ikiwa adui mkubwa anafikika kwa siku nne, huwezi kumshawishi mtazamaji kwamba binadamu hawa wako peke yao gizani. Ningefanya kila safari iwe ya wiki au miezi, ujumbe wa nyumbani uchelewe, na kapteni aamue mambo makubwa bila kuwa na wa kumuuliza. Hadithi ya mabaharia wa zamani ilikuwa na nguvu kwa sababu barua ilikuja baada ya msiba kuanuliwa matanga.

Binti wa Sakina

Nimesoma kwa makini. Kwanza, nashukuru hakuna aliyegusa zile sehemu ambazo wahusika, na hasa T'Pol, wanaingizwa kwenye chumba chenye mwanga wa buluu kupakana jeli ya kuua vijidudu. Mwigizaji alikuwa na uwezo mkubwa, na watayarishaji wakamvalisha nguo ya kubana wakadhani wamemaliza kazi. Mkondo wa Wavulkani wa msimu wa nne, ule wa sehemu tatu unaoeleza jinsi jamii yao ilivyoipotosha falsafa ya mwasisi wao na jinsi ilivyojirekebisha, ndio uliomrudishia heshima, nao ungepaswa kuanza mwaka wa kwanza.

Pili, nina swali kwa mleta mada. Unasema Hoshi afiche alichokisikia, na unalieleza kama jambo la kishujaa. Mkalimani ana kiapo. Alichokisikia kibandani hakitoki. Lakini Hoshi si mkalimani wa kikao tu, ni afisa wa jeshi, na kanda zile hakupewa kwa siri na mtu yeyote. Wanajeshi wanakufa. Je, ana haki gani ya kuamua peke yake kwamba umoja wa kesho una thamani kuliko maisha ya leo? Mimi ningekuwa mama wa mmoja wa waliokufa ningemshitaki.

Sikio la Njiro

Dada, umenishika mahali panapouma, na sina jibu la haraka.

Kibandani tunafundishwa kwamba wewe ni bomba, maji yanapita, hubakizi tone. Nimeishi kwa kanuni hiyo na ninaiheshimu. Lakini kila mkalimani mzoefu ana kitu kimoja alichokisikia ambacho mpaka leo kinamwamsha usiku, na kanuni haimsaidii wakati huo. Kwa hiyo nakubali kwamba haitoshi Hoshi anyamaze halafu tumpigie makofi. Lazima kunyamaza kwake kumgharimu. Ningeandika hivi: anamweleza T'Pol peke yake. T'Pol anakiri kwamba Kamandi Kuu ya Vulcan ilikuwa na shaka hiyo tangu zamani, jambo linalokubaliana na mwisho wa ule mkondo wa sehemu tatu uliousifu, ambapo tunaona kiongozi wao V'Las alikuwa akishirikiana kwa siri na Mromulani. Wawili hao wanakubaliana kunyamaza. Wiki mbili baadaye meli moja ya mizigo inalipuliwa, kwa shambulio ambalo lingeweza kukisiwa kama makamanda wangejua adui anafikiri kwa desturi za Kivulkani cha kale. Meli hiyo ni Horizon.

Kuanzia hapo Hoshi na Mayweather wanafanya zamu moja kwenye daraja la chombo, viti vinatazamana, na mmoja anajua.

Mzawa wa Marangu

Mkuu, umeua ndugu zangu wote kwa aya moja. Lakini endelea.

Kahawa Chungu

Nimewasoma wote na ninaona mnajisahaulisha msimu wa tatu kwa makusudi. Shambulio la Waxindi lilikata ardhi kutoka Florida hadi Venezuela likaua watu milioni saba, akiwemo dada wa mhandisi Trip, na chombo kikatumwa katika eneo hatari kuwatafuta waliofanya hivyo. Ulikuwa msimu mmoja, mkondo mmoja, na wahusika wakaanza kufanya mambo ya aibu. Bila huo tamthilia ingekufa mapema. Mnataka kuukata nao?

Sikio la Njiro

Hapana, mkuu, huo siukati. Nauona ndio wakati tamthilia ilipoacha kuogopa. Waxindi wenyewe wametungwa kwa ufundi: jamii tano zilizobaki, za nyani, za mvivu wa mitini, za wadudu, za watambaazi na za majini, zinazoishi kwa baraza moja lisiloelewana, na ya sita ya ndege iliyoangamia. Hilo baraza ni Shirikisho lililoharibika, limewekwa mbele ya macho ya binadamu kabla hawajaunda la kwao. Sijui kama watunzi walikusudia, lakini mimi naliona hivyo.

Kosa ni kilichofuata. Katika sehemu iitwayo Damage, Archer anakutana na meli ya Wailiria, watu wasio na ugomvi naye, na kwa kuwa chombo chake kimeharibika anawaomba kifaa cha injini yao. Wanakataa, maana bila kifaa hicho watatumia miaka mitatu kufika kwao. Anakichukua kwa nguvu, anawaachia chakula na vifaa vingine kama fidia, na anaondoka. Ni uharamia, na yeye mwenyewe anajua. Kisha dunia inaokolewa, msimu wa nne unaanza, na wale watu hawatajwi tena.

Mimi ningewarudisha. Miaka mitatu ndiyo hiyo, hesabu inakubali: wanafika kwao, wanazika waliokufa njiani, wanauliza nani aliyewafanyia vile, na wanaambiwa kwamba mtu huyo sasa ndiye mwenyekiti anayependwa wa mazungumzo ya umoja wa sayari. Wanakuja. Hawaji na silaha. Wanakuja na madai, yameandikwa vizuri, na wanaomba nafasi katika ajenda. Na Hoshi, aliyekuwemo chomboni siku ile, ndiye anayepaswa kuyakalimani maneno yao kwa nafsi ya kwanza, maana kibandani hatusemi "anasema kwamba alifiwa". Tunasema "nilifiwa". Mkalimani anayesema "mlinifanya nimzike mtoto wangu angani" mbele ya kapteni wake mwenyewe, kwa sauti isiyotetemeka kwa sababu ni kazi, ni tukio ambalo sihitaji bomu wala Msuliban kulinogesha.

Na hapo naingia kwenye Shirikisho, kama nilivyoahidi. Msimu wa nne ulijaribu. Katika sehemu tatu Archer anasuluhisha Waandoria na Watelari, lakini jambo linaishia kwenye pigano la watu wawili, Archer anamkata Shran, kamanda wa Waandoria, kipapasio kimoja cha kichwani, na hasira zinapoa. Napenda sana Shran, na pigano lilikuwa zuri. Ila umoja haujengwi hivyo, na watu wa Arusha tunajua jinsi unavyojengwa na unavyobomoka. Jumuiya ya kwanza ilivunjika 1977, mpaka ukafungwa hapo Namanga hadi 1983, na kazi ngumu kuliko zote ikabaki: nani achukue ndege, nani achukue mabehewa, nani alipe madeni. Msuluhishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, alihangaika na hesabu hizo kwa miaka, na makubaliano ya kugawana yakatiwa saini mjini hapa Mei 1984. Ni baada ya talaka hiyo kuandikwa ndipo ndoa ya pili ikawezekana, miaka kumi na mitano baadaye.

Ningeupa msimu wa tano, ule ambao hatukuupata, mwenendo huo. Umoja wa kwanza wa sayari unaanzishwa kwa shangwe na unavunjika kwa sababu ya karakana. Waandoria na Wavulkani wamejenga karakana ya pamoja ya kuunda vyombo vya vita, na siku wanapogombana kila mmoja anataka vyombo vilivyokamilika na kumwachia mwenzake madeni na mifupa ya vyuma. Watelari, ambao kwao kutukana ni adabu ya kufungulia mazungumzo, wanageuka kuwa wasuluhishi bora kwa sababu ndio pekee ambao hakuna tusi linaloweza kuwatoa mezani. Vita vya Waromulani vinaendelea nje, mjadala wa mabehewa unaendelea ndani, na mtazamaji anayejua kwamba mwaka 2161 yote yatakwisha vizuri anajikuta akiuliza kwa wasiwasi: yatakwishaje?

Binti wa Sakina

Na sehemu ya mwisho? Usije ukasema unaibakiza.

Sikio la Njiro

Ile siwezi kuibakiza. Kwa wasioiona, hadithi inaruka hadi 2161, na tunaitazama kupitia macho ya Riker wa tamthilia nyingine, karne mbili baadaye, aliyeingia kwenye chumba cha maigizo ya kompyuta kujifunza historia. Trip anauawa kwa jambo dogo lisilostahili kifo. Archer anapanda jukwaani kutoa hotuba ya kuanzisha Shirikisho, na kabla hajasema neno, Riker anazima programu. Hotuba hatukuisikia. Watu walionuna wana haki ya kununa.

Lakini, na hapa mtanishangaa, kutoisikia hotuba nakubaliana nako. Hotuba za siku ya kutia saini nimezikalimani nyingi, na zote ni moja. Ningekaa na kamera kibandani tu. Hoshi amevaa visikizi, mwenzake wa zamu ni Mwandoria kijana anayetetemeka. Ukumbini Archer anazungumza, sisi tunaona midomo tu kupitia kioo. Hoshi ana karatasi mbele yake yenye majina ya waliokufa kwenye Horizon, ameyaandika kwa mkono, na hatujui kama atamkabidhi Mayweather akitoka au ataichana. Katikati ya hotuba Archer anakosea, analitaja neno la Kiandoria la "ndugu" kwa lafudhi inayolifanya liwe "mdaiwa". Kijana wa Kiandoria anageuka kumwangalia Hoshi kwa hofu: nilirekebishe au nilipitishe lilivyo? Hoshi anafikiri kwa muda wa pumzi moja, kisha anampa ishara kwa mkono. Lipitishe.

Mwalimu wa Sayansi, Moshi Mjini

Nimekubali. Ila naomba kuuliza, Porthos yuko wapi? Mbwa wa kapteni hawezi kukosekana siku kama hiyo.

Sikio la Njiro

Yuko chini ya meza ya ujumbe wa Vulcan, amelala juu ya kiatu cha balozi. Balozi amevumilia harufu yake kwa saa tatu, na malalamiko yake ya maandishi yameshasajiliwa kuwa hati ya kwanza rasmi ya Shirikisho.